Zimwi la Kibuyu cha Kuonja

Paukwa!

Pakawa!

Kaeni vizuri. Na wewe Kihedu, acha kumfinya mwenzako, la sivyo hadithi naimeza.

Hapo kale, kwenye nchi ya milima na ukungu, aliishi mwanamke jina lake Nakiete. Alipika pombe ya miwa iliyosifiwa mabonde yote. Alitwanga miwa, akakamua, akachuja, akatia matunda ya mwegea mtungini ili pombe ichachuke, na mtungi ukabaki ukinong'ona peke yake.

Kulikuwa na desturi. Pombe hainywewi na mgeni mpaka aliyeipika anywe kibuyu cha kuonja mbele ya watu, waone hakutia sumu. Asiyeonja aliitwa mchawi.

Nakiete alikuwa amekaa miaka mingi bila mtoto. Alilia hadi akachoka kulia. Basi, siku moja akapata ujauzito. Akawa anatembea huku ameshika tumbo, utadhani litamdondoka.

Siku moja wakaja wageni. Nakiete akaonja. Mchana ule ule usingizi ukamchukua kando ya mtungi, akaota.

Akajiona ameingia ndani ya tumbo lake mwenyewe. Mle mlikuwa na nyumba ndogo yenye joto na mwanga mwekundu. Mtoto wa kike alikuwa amekaa chini, anatunga shanga.

"Hizi ni nyimbo zangu na maneno yangu," mtoto akasema. "Nikizaliwa nitakuja nazo."

Mara mlango ukafunguka. Likaingia zimwi refu, limelowa chapachapa, ndevu zinachuruzika povu. Likaimba:

"Mama ameonja, nami nionje.
Mama ameonja, nami nionje.
Mama ameonja, nami nionje."

Likachota shanga, likatafuna. Mtoto akasema, "Mama, funga mlango."

Nakiete akaamka. Akamweleza mama mkwe wake. Yule mama akacheka.

"Mwanangu, hizo ni ndoto za mimba tu. Mimi nilionja katika mimba zangu zote. Unataka tuitwe wachawi?"

Siku nyingine wakaja wageni wengine. Nakiete akaonja, akasinzia, akaota. Safari hii mtoto alikuwa anajifinyangia uso kwa udongo laini. Zimwi likaingia na wimbo wake. Haya, shikeni hapo chini ya pua, juu ya mdomo. Mmeusikia huo mfereji mdogo? Basi zimwi liliulamba mpaka ukasawazika.

Pembeni palikuwa na ngoma ndogo inayodunda yenyewe. Ndiyo moyo wa mtoto. Zimwi likaitazama, likasema, "Nikirudi naondoka na hiyo."

Mtoto akasema, "Mama, funga mlango."

Basi, ikafika sikukuu ya mavuno. Uwanja ulijaa wazee. Nakiete akapewa kibuyu. Alipokisogeza mdomoni, akasikia, akiwa macho kabisa, jua linawaka: "Mama, funga mlango."

Akakiweka chini. "Sionji."

Mzee mmoja akauliza, "Umetia nini humo?"

"Sijatia kitu, baba. Nina mtoto tumboni. Ninachokunywa mimi, anakunywa na yeye."

Kuitwa mchawi si mchezo. Lakini hakukigusa tena kile kibuyu.

Ndipo mume wake, Mbonea, akasimama. "Miwa nimekata mimi. Kuni nimepasua mimi. Mikono yangu imo humu." Akanywa kibuyu chote, akabaki amesimama mbele yao, mzima.

Zimwi nalo likaingia tumboni mwa Mbonea mbiombio. Likatafuta nyumba, likatafuta mlango, likatafuta ngoma. Likakuta makande tu. Likatoka limenuna, likapotelea kwenye ukungu.

Mama mkwe akakaa chini palepale. Akawakumbuka watoto aliowazika wakiwa wachanga, wala hakuwahi kujua kilichowaua. Akalia taratibu, akasema, "Mbona mimi hakuna aliyeniambia?"

Mtoto akazaliwa, ngoma yake inadunda. Wakamwita Nankondo. Lakini juu ya mdomo palikuwa laini, bila mfereji. Na nyimbo zilimpotea: anafundishwa asubuhi, jioni hana. Kilichotafunwa na zimwi hakikurudi. Nakiete aliumia sana, lakini hakumfokea hata siku moja. Alimpakata, akaanza wimbo upya.

Tangu hapo, katika nchi ile, mwanamke akiwa mjamzito kibuyu huonjwa na mumewe. Na Nankondo, aliyesahau karibu kila kitu, jambo moja hakulisahau. Akimwona mjamzito karibu na mtungi, humwendea, humshika mkono, na kumwambia polepole, "Mama, funga mlango."

Hadithi yangu imefika mlangoni, nayo imeishia hapo. Mjamzito asinywe pombe hata ya kuonja, na sisi tulio naye tusimshurutishe.