Jenerali kwenye Benchi la Marehemu

Hapo zamani, si ile ya wanyama kusema, ni hii ya juzijuzi ya watu wazima kupigana vita wakiwa wamekaa kitini, palikuwa na nchi yenye jeshi la anga lisilo na ndege. Ndege ya kivita ilikuwa imeagizwa, na kila mwaka wananchi waliambiwa iko njiani. Kilichokuwepo ni simuleta: chumba chenye viti vya rubani, usukani, na vioo vikubwa vinavyoonyesha mawingu, ardhi na adui. Ukiingia humo unapaa, unageuka, unafyatua kombora, kisha unatoka unakwenda kunywa chai.

Mkuu wa jeshi hilo, Jenerali Matingisha, hakutaka mchezo. Aliweka amri kwamba atakayeangushwa ndani ya simuleta amekufa. Marehemu hapigi saluti wala hapigiwi, hali chakula mesini na wenzake, haruki tena. Anakaa kwenye benchi la marehemu mpaka Jenerali kwa kinywa chake atamke kwamba amefufuka. Na rambirambi zilipelekwa kwao kweli. Mke wa Meja Ndomba alipoletewa unga na sukari mara ya kwanza alipiga yowe, mtaa mzima ukajaa. Mara ya pili alipokea, akashukuru, akauliza mumewe atakufa tena lini.

Mtu mmoja tu hakuwahi kufa, naye ni Jenerali. Luteni Sikudhani, rubani mwenye shabaha kuliko wote, alikuwa hodari wa kumkosa. Kombora lake lilipita karibu kiasi cha kumpendeza mzee, na mbali kiasi cha kumwacha hai. Meja Ndomba, msindikizaji wa Jenerali angani, alimnong'oneza mzee redioni kila adui alipotokea. Na Koplo Bahame, fundi wa mashine, alikuwa amemlegezea mambo: Jenerali akivuta usukani vibaya ndege ilijinyoosha yenyewe, na kombora likimkaribia lilizimika. Wote watatu walipanda vyeo, na wote walilala usingizi mzuri.

Basi siku moja ndege ikafika kweli. Jenerali akaizunguka, akaigonga ubavu, akatangaza kwamba siku ya sherehe za uhuru atairusha mwenyewe juu ya uwanja, tena chini kabisa, wananchi waone rangi ya kofia yake. Nani wa kumkatalia? Hajawahi kuanguka.

Sikudhani aliposikia, alikwenda moja kwa moja nyumbani. Binti yake alikuwa kwenye halaiki. Watoto wa shule wangejipanga katikati ya uwanja uleule. Alimtazama mtoto akijifunza kupeperusha kitambaa sebuleni, akaona aibu. Alijua ni nani aliyemfundisha mzee yule kwamba anaweza kuruka. Ni yeye mwenyewe, kwa kila kombora alilolipotosha.

Likabaki zoezi la mwisho, mbele ya mawaziri na mabalozi. Sikudhani akapangwa upande wa adui kama kawaida. Asubuhi alimfuata Koplo Bahame, akamwomba mashine ya leo isimdekeze mtu. Bahame akajikuna kichwa, akasema yeye ana watoto wanaosoma. Sikudhani akamjibu kwamba hao watoto wako kwenye halaiki. Koplo akachukua bisibisi, akaingia ndani. Ndomba hakuambiwa neno, maana yeye na Jenerali walikuwa chanda na pete.

Vita vikaanza. Jenerali akapaa kwa mbwembwe, akiuvuta usukani kama anayekamata mbuzi. Mara hii ndege haikujinyoosha, ikayumba. Sikudhani akamwingia kwa nyuma. Kwenye rada ya Ndomba alama yake ilionekana waziwazi, na kazi ya Ndomba ilikuwa kutamka neno moja tu, geuka. Ndomba akafungua mdomo, akaufunga. Sikudhani akafyatua. Kioo cha Jenerali kikawa chekundu, kisha cheusi.

Waziri mmoja akaanza kupiga makofi, akajikuta peke yake, akajifanya anaua mbu.

Jenerali akatoka, jasho linamtiririka. Wote walingoja aseme mashine ni mbovu. Akavua kofia, akaenda kukaa kwenye benchi la marehemu. Hapo ndipo watu walipokumbuka kwamba mwenye mamlaka ya kufufua ni Jenerali, na Jenerali amekufa. Sherehe zikafanyika, watoto wakapeperusha vitambaa, ndege ikabaki bandani chini ya turubai. Nyumbani kwa mzee kulipelekwa unga na sukari, gunia zima kwa heshima ya cheo.

Baraza la ulinzi likatoa nishani moja kwa aliyeuokoa uwanja, na likatamka kwamba atakayevishwa atakuwa mkuu mpya wa jeshi.

Sikudhani akasema, "Mimi ndiye niliyefyatua. Ningekosa kama nilivyozoea, leo tungekuwa makaburini."

"Afande, kombora lako lingezimika lenyewe," akasema Bahame. "Halikuzimika kwa sababu ya mkono wangu. Na mimi sina nyota begani za kunilinda."

Ndomba akasema, "Ninyi wawili mlipanga. Mimi sikupanga. Nilichagua papo hapo kati ya rafiki yangu na watu nisiowajua, nikanyamaza."

Bahame akanung'unika kwamba kama kunyamaza ni ushujaa, jeshi zima livishwe.

Sauti ikatoka nyuma, kwenye benchi la marehemu. Marehemu kusema halikuwa kosa; Jenerali alisahau kuliwekea amri.

"Mmenidanganya miaka yote, kisha mkaniambia ukweli kwa kombora. Ningesema mashine mbovu, nani angenibishia? Mngepiga saluti, nami ningeruka. Nilikwenda kukaa. Aliyeizuia ile ndege ni mimi."

Sikudhani alimhurumia. Kwa mara ya kwanza alitamani kumpigia saluti ya kweli, na hakujua kama anaruhusiwa.

Baraza limeshindwa, limeniachia mimi msimulizi, nami nawaachia ninyi. Msitazame chini. Atakayevishwa ndiye atakayeamua nani airushe ndege mwakani, na watoto watakaojipanga uwanjani ni wenu. Je, kati ya hawa wanne, nani alistahili?