Mbwa Aliyekaguliwa Ngozi

Mfugaji mmoja, Malekela, aliishi kando ya majaruba ya mpunga, mahali ambapo mbu huamka kabla ya watu. Alikuwa na mbuzi wengi na mbwa mmoja, Shupavu, ambaye fisi wote wa pori lile walimheshimu. Kila jioni Malekela aliketi mlangoni pa zizi akampapasa mbwa wake, nyuma ya masikio, kwapani, chini ya mkia, akitafuta kupe. Asipomwona kupe, alilala usingizi wa pono. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako; Malekela aliishia kwenye nguo.

Daktari wa mifugo, mama mmoja mwenye subira, alimpa vidonge. Akamweleza ampe mbwa kimoja kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe, kwa sababu mbu anapouma huacha kijidudu kisichoonekana, nacho husafiri hadi moyoni kikawa mnyoo mrefu kama uzi. Malekela alisikiliza kwa adabu. Alipofika nyumbani akaviweka juu ya kabati. Kwao dawa ni ya mgonjwa. Kumpa mzima ni kumwitia maradhi.

Msimu ukapita. Shupavu akaanza kukohoa, kikohozi kikavu. Vumbi, alisema Malekela. Kisha mbwa akawa anabaki nyuma ya mbuzi. Uzee, alisema, ingawa roho yake haikutulia tena. Jioni alirudia kuyapekua yale manyoya, akarudia tena, akitamani walau apate kupe mmoja wa kulaumiwa. Hakumpata.

Jioni moja fisi alinyakua mwanambuzi. Shupavu akamfukuza, akaanguka kabla ya kufika vichakani. Fisi aligeuka, akamtazama, akaenda zake polepole. Malekela alimbeba mbwa begani hadi kwa daktari, vidonge vyote mkononi, tayari kummiminia kinywani. Mama yule akamshika mkono. Vidonge vile vilikuwa vya kufunga mlango, na wageni walikuwa wameshaingia.

"Malekela," alimwambia, "mbu hakungoja mbwa augue ndipo amuume. Wewe ulikuwa unangoja nini?"

Sasa Shupavu amefungwa kivulini. Anachomwa sindano kali, na hata hizo zinatisha, maana minyoo ikifa ndani inaweza kuziba njia ya damu ikamuua yeye pia. Haruhusiwi kukimbia. Fisi wameshajua, nao wanazidi kusogea. Malekela amekaa kati ya zizi na mbwa, fimbo mkononi. Anaogopa fisi wasije wakavamia, na anaogopa zaidi mbwa asije akawasikia, akainuka.

Nanyi mnaolala kwa amani kwa kuwa hamjaona kitu, ni nani aliyewaambia kwamba kiuacho moyo huonekana kwanza?