Kwa Nini Mipaka ya Mitaa Yetu Imepandwa Masale

Wajukuu zangu, mkiulizwa mnatoka mtaa gani, mnajibu haraka, tena kwa majivuno. Mngejua mitaa hii ilianzaje, mngejibu kwa sauti ya chini.

Zamani mteremko huu wote, tangu msituni hadi bondeni, ulikuwa nchi moja isiyo na mtaa wala mjumbe. Wazee wetu walijisifu kwamba yowe la mmoja ni la wote. Walijisifu mno.

Masika fulani, mchana, ukingo wa mfereji ulimomonyoka ukaiangukia nyumba ya mjane aliyeitwa Ndeshi. Boriti ikambana mguu, tope likaanza kupanda. Akapiga yowe. Watu wa juu walilisikia, wakasema wa chini wako karibu zaidi. Watu wa chini nao walilisikia, wakasema wa juu watashuka upesi kuliko wao kupanda kwenye utelezi. Basi ndizi zikaendelea kumenywa, mbege ikaendelea kunywewa. Yowe lilipokoma, wote walishusha pumzi, wakasema afadhali, amepata watu.

Kesho yake maji yalikuwa yamekatika, wakakutana kwenye chanzo cha mfereji. Mzee Kisaka wa juu, mtu muungwana, akawashukuru wa chini kwa kumwokoa mama yule. Wa chini wakamtazama. Wao walikuwa wamejiandaa kuwashukuru wa juu.

Walikimbia wote. Siku hiyo hakuna aliyekumbuka utelezi.

Walimkuta hai, tope limemfika kifuani, sauti imemkauka. Walimtoa, lakini mguu ule haukukanyaga tena chini. Hakulia wala hakuwatukana. Alisema tu, "Nilisikia mkicheka."

Aibu iliyowashika hapo, wajukuu zangu, hata mimi ambaye sikuwapo inanichoma.

Kisaka akakata jani la isale, ambalo kwetu mkosaji humpelekea aliyemkosea, naye hawezi kulikataa. Ndeshi akalipokea, akauliza linatoka kwa nani.

"Kwetu sote, mama," Kisaka akajibu.

"Ninyi nyote ndio niliowaita jana."

Basi wakaenda kukata masale mengine, wakayapanda kwa mistari kutoka msituni hadi bondeni, na kila kipande wakakipa jina na mtu mmoja wa kukiitikia. Watu hao wakaenda kwa Ndeshi mmoja mmoja, kila mtu na jani lake, akijitaja kwa jina.

Na tangu siku hiyo ardhi yetu imegawanywa mitaa, na kila mtaa una mjumbe anayeinuka yowe linapopigwa, hata kama tonge liko mkononi. Wageni huyasifu masale yetu kwa kunyooka, wakidhani yalipandwa kulinda mashamba. Tunawaacha wadhani hivyo. Ni vigumu kumweleza mgeni kwamba tulimwomba radhi mwanamke mmoja, na ya kwamba mpaka leo hatujamaliza.