Kovu la Mama Aliyeahidiwa Matundu

Ndugu zangu, mama mmoja mpika maandazi alifika mahali ambapo chakula hakikupita tena kooni. Wengine walikula mikononi mwake, yeye akaishi kwa uji mwepesi, na mwishowe hata uji ukagoma. Hospitali wakamwambia ni saratani ya umio, ile njia inayoshusha chakula tumboni.

Daktari wa upasuaji akamweleza kwa upole kwamba hatampasua kifua. Atatoboa matundu madogo, apitishe kamera na vyombo vyembamba, autoe uvimbe. Mama akafurahi, akawatangazia wenzake wa kanisani kuwa ni matundu tu, kama ya vifungo vya shati.

Alipozinduka, upande mzima wa kulia ulikuwa unawaka. Akapapasa bandeji, ikaanzia chini ya ziwa ikazunguka hadi mgongoni. Kwa siku tatu, kila mara daktari alipokuja kumwona, mama aligeukia ukutani.

Siku ya nne daktari akavuta kiti, akaketi.

“Mama, una haki ya kunikasirikia. Nilikuahidi matundu.”

“Sasa mbona ukanichana hivi, mwanangu?”

Daktari hakujificha. Alisema uvimbe ulikuwa umenata kwenye mshipa wa damu, na alipokuwa akiubandua, mshipa ukachanika mikononi mwake. Damu ikajaa, kamera ikawa haioni kitu. Alikiri kwamba moyo wake ulitaka kuendelea hivyo hivyo, maana hakuna fundi apendaye kushindwa mbele ya wenzake. Lakini mtaalamu wa usingizi akamwambia presha inaporomoka. Akaacha kamera, akaomba kisu.

“Ningeshikilia ahadi yangu, mama, ungekuwa na vikovu vitano vidogo, na ndugu zako wangeviona wakiuosha mwili wako kwa mazishi.”

 Mama akaushika ule mkono uliomkata, akaubusu.

“Ahsante kwa kutotimiza,” akasema.

Je, sisi? Ni mara ngapi tumemgeuzia Mungu kisogo kwa sababu alituokoa kwa njia ambayo hatukuafikiana naye? Tuliomba jambo dogo, lisilouma, lisiloonekana na majirani. Akatupasua. Nasi tukanuna.

Wewe uliyeketi hapo asubuhi hii ukipima urefu wa kovu lako, nakuuliza jambo moja tu: anayepima ni nani? Si wewe, uliye hai? Basi anzia hapo kushukuru.