Mkia Uliofichwa Shavuni

Shika sikio lako la kushoto, uape kwamba haya hayatatoka nje ya mlango huu. Wajukuu wa mtu huyo wangali hai, kisimani tunachota nao maji, na hawapendi habari za babu yao zisemwe. Umeapa? Haya, waite na wale walioko barazani, maana nitasema kwa sauti.

Zamani hizo maneno hayakuwa na mikia. Watu walikuwa na suka, lima, imba, cheka, na hapohapo neno likakoma kama kidole kilichokatwa. Anayeimba hakuwa na jina, wala kile alichokiimba. Kichwa cha neno hawakukikosa. Ile "m" ya mtu waliijua, maana mtu hakuanza jana. Walichokosa ni mwisho. Aliyehitaji neno jipya alikwenda kwa Mzee Ngwali, aliyetunza maneno, akapiga magoti mlangoni.

Maneno yalitoka mlimani yakiwa marefu kama miyaa ya kusukia mikeka, na kazi ya Ngwali ilikuwa kuyapunguza ncha ili yapangike ghalani. Ncha zile alizitia kwenye kanda moja kubwa la kusukwa kwa miyaa, akalisukuma uvunguni. "Takataka hizi," alisema akiulizwa. Watu walimwamini, kwa kuwa hata wanaosuka mikeka hukata ncha na kuzifagia.

Sasa, watu wale walikuwa na desturi nzito. Maiti hakunyanyuliwa mpaka litajwe neno moja la kusema alikuwa nani, na neno hilo ndilo lililobaki duniani badala yake. Aliyekosa neno alipitishwa uani kimyakimya, akazikwa nje ya mji, na jina lake halikutajwa tena hata na wanawe.

Akafariki Mwatima. Huyu mama ndiye aliyesuka mikeka ya kuzikia wafu wa nchi ile na nchi za mbali. Hakuna nyumba ambayo mkono wake haukuifikia siku ya msiba. Binti yake, Siwatu, alimfunika kwa mkeka wa mwisho aliousuka mwenyewe, akaenda kwa Mzee Ngwali macho yamemvimba.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Pole, mwanangu."

"Nimekuja kuomba neno la mama."

"Maneno yamekwisha. Ghala hilo, litazame."

"Mbona nduguyo alipokufa aliitwa mwindaji? Lile lilitoka wapi?"

"Lile lilikuwa la ukoo," alisema Ngwali, akijikuna kidevu. "Na mama yako alisuka tu. Kusuka ni jambo la kutafutiwa neno?"

Siwatu aliinamisha kichwa asije akatukana mtu mzima. Alipoinama, akaliona kanda uvunguni. Alilijua, ulikuwa msuko wa mama yake. Na kwa kuwa alikulia kwenye miyaa, aliona jambo ambalo wewe na mimi tusingeliona: mdomo wa kanda ulikuwa umelika na kung'aa, kama unavyong'aa mdomo wa kanda linalotiwa mkono kila siku. Nani huyo, alijiuliza, anayechokora takataka kila siku? Akaaga, akaondoka.

Msiba ulijaa. Walikuja watu wa milimani, Waarabu, Wahindi, hata Mzungu mmoja, kwa sababu mikeka ya Mwatima ilifika kote. Ngwali alisimama akatangaza kwamba neno hakuna. Wanawake wakaanza kufungua mlango wa uani, na wengine wakalia upya. Wakati huo Siwatu hayupo. Alipoonekana, alikuwa anatoka kwa Ngwali na kanda kichwani.

"Mshikeni! Ameniibia!"

"Nimekuibia nini, babu?"

"Kanda langu!"

"Lina nini ndani?"

"Takataka."

"Basi nakutupia," alisema Siwatu, akalipindua kanda mbele ya watu.

Ncha zikatawanyika uwanja mzima, na Ngwali akaanguka magoti, anazikusanya, anazipachika kwapani na kiunoni. Shangazi Kijoli, ambaye hata msibani hakuweza kunyamaza, akauliza: "Jamani, takataka gani inayookotwa kwa mikono miwili?"

Hapo kila mtu akainama. Wahindi wakaondoka na "wala", na muuza chai wao ni chaiwala mpaka leo. Waarabu wakapata "i", wakaitia mwishoni mwa Baghdad, mtu wa huko akawa Baghdadi. Mzungu naye akapata "er", iliyomzalia teacher na driver, ambao kwetu ni ticha na dereva. Wa kwetu wakaokota "ni" wakafika nyumbani, wakaokota "o" wakapata wimbo na kicheko.

Siwatu hakuwa na haja na hayo. Alitafuta mwisho mmoja tu. Akaunga "ika", ikawa sukika. Mkeka husukika, lakini huyo si mama. Akaunga "isha", ikawa sukisha, hapana. Ncha zikaisha uwanjani, mlango wa uani uko wazi, na mama yake bado hana neno.

Akamtazama Ngwali. Mzee yule mwenye maneno mengi alikuwa kimya, na shavu lake moja limevimba. Siwatu akamsogelea, akapiga goti kwa adabu.

"Shikamoo, babu."

Kimya.

"Shikamoo, babu," akarudia, kwa sauti ya kusikika na wote.

Watu waligeuka. Mtu mzima kuamkiwa mbele ya maiti asiitikie ni jambo ambalo halijapata kuonekana. Jasho likamtiririka Ngwali. Alimtazama Siwatu, akawatazama watu, akafungua mdomo: "Ma—" na "ji" ikadondoka juu ya mkeka, imelowa mate, mbele ya kila mwenye macho.

Siwatu aliiokota, akaifuta kwa nguo yake, akaiunga taratibu kama alivyofundishwa kuunga miyaa. "Mama yangu," alisema, "alikuwa msukaji."

Wakamnyanyua Mwatima, wakampitisha mlango mkubwa.

Na tangu siku hiyo maneno yana mikia, kila taifa kwa kadiri lilivyookota, na hakuna anayepiga magoti kuomba jina la kazi yake. Na watu wa ukoo wa Ngwali, ukiwaamkia, tazama: huitikia upesiupesi, mdomo wazi mpaka jino la mwisho, watu waone kwamba humo ndani hamna kitu.