Pimbi na Mlango wa Kamati ya Kikapu

Hapo zamani za kale, na msiniulize mwaka gani maana hata bibi yangu hakuujua, wanyama walikuwa na vyuo. Mnacheka nini? Vyuo kabisa, na kengele na wakuu wa vyuo. Tembo walikuwa na chuo chao nyikani, viboko chao kando ya mto, na pimbi, wale wadogo wa rangi ya udongo wanaoishi kwenye mawe, walikuwa na Chuo cha Majabalini. Kila chuo kilikuwa na timu ya wasichana ya mpira wa kikapu.

Nahodha wa Majabalini alikuwa Pimbi mmoja mwenye miguu mifupi na maneno mengi. Huyo akishika mpira, du-du-du-du, unamwona huku, mara yuko kule, mara kapita katikati ya miguu yako, na kabla hujageuka, chwaa! Mpira umeshaingia kikapuni.

Lakini mwaka huo Pimbi hakuwa na raha. Mkuu wa chuo, Mwalimu Nungunungu, alikuwa amemwita ofisini akamwambia waziwazi.

"Mwanangu, uwanja wenu unakula nafasi bure. Msimu huu msipoingia kwenye mashindano makubwa, naing'oa ile milingoti na pale naanika karanga."

"Karanga, Mwalimu?"

"Karanga. Hizo angalau zinaliwa."

Pimbi alitoka pale machozi yakimlengalenga. Uwanja ule waliutengeneza wenyewe. Mawe waliyaondoa kwa mikono yao, na wadogo zao walikuwa wakisubiri kwa hamu zamu yao ya kuchezea pale.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kichwa cha Pimbi kilipoanza kuuma. Kuingia mashindanoni kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilieleweka: kila ukanda ulikuwa na bingwa wake, na bingwa alikwenda moja kwa moja, haulizwi kitu. Pimbi na wenzake walifika fainali ya Ukanda wa Milimani, wakafungwa na Nyani kwa kikapu kimoja cha mwisho mwisho. Njia hiyo ikawa imefungwa.

Njia ya pili ilikuwa ya kamati. Nafasi ambazo mabingwa hawakuzichukua, kamati ilizigawa kwa timu ilizoziona bora. Ilizionaje bora? Aa, hapo sasa! Walijifungia ndani, wakabishana, wakatoka na majina. Mwaka huo walikuwa wameshazigawa zote isipokuwa moja.

Mwenyekiti alikuwa Mama Tembo, ambaye binti zake walikuwa mabingwa wa nyika. Wajumbe walikuwa Mama Nyati, Mama Simba na Mama Kiboko, na kila mmoja alikuwa na timu ya kwao iliyokosa ubingwa na kuitolea macho nafasi hiyo ya mwisho. Wa tano alikuwa Bibi Kobe. Yeye hakuwa na timu. Kobe hawachezi kikapu, mpira ukidunda karibu yao vichwa vinaingia ndani. Alipewa ujumbe kwa sababu kikao kilifanyika kwake, katika nyumba kubwa aliyoachiwa na marehemu mumewe, na ingekuwa aibu kumfungia mwenye nyumba nje.

Asubuhi ya kikao Pimbi alikwenda akakaa barazani kwa Bibi Kobe. Alitaka tu mtu wa kumweleza timu inachaguliwaje.

Mara, kwaaa! Mlango ukafunguka. Akatoka Mama Nyati, anapuliza pua.

"Shikamoo, Mama Nyati. Mbona uko nje?"

"Marahaba. Nimetolewa! Wanaizungumza timu ya binti zangu. Ndiyo sheria ya Mama Tembo: timu ya kwenu ikizungumzwa, unatoka, unarudi yakiisha. Eti nisije nikawapigia debe wanangu. Na kura ni ya mikono ya waliomo ndani tu."

"Mama, naomba unieleweshe. Timu inaingiaje mashindanoni?"

"Rahisi! Wanahesabu ushindi. Mwenye ushindi mwingi anaingia."

Pimbi akaruka. "Sisi tuna ushindi mwingi!"

"Ninyi? Mmewafunga akina nani? Fuko na vicheche? Huo hauhesabiwi."

"Kwa hiyo ushindi hauhesabiwi?"

"Unahesabiwa, mtoto wewe, ila si wenu."

"Lakini hata ninyi tuliwafunga, Mama. Tena kwenu."

Mama Nyati akakohoa. "Siku ile mvua ilinyesha."

"Hata sisi ilitunyeshea."

Kwa bahati yake Mama Nyati, mlango ulifunguka na sauti nzito ikaita, "Nyati, ingia! Simba, toka!" Nyati akaingia bila kuaga.

Mama Simba alitoka taratibu, akajinyoosha. Pimbi akamwamkia, kisha akamuuliza swali lile lile.

"Nyati kakwambia ushindi? Msikilize huyo!" akasema Mama Simba. "Kushinda si kitu. Kinachotazamwa ni umecheza na nani. Binti zangu wamecheza na wakubwa watupu."

"Wakashinda?"

"Wakafungwa. Lakini wamefungwa na wakubwa!"

Pimbi akajikuna kichwa. "Yaani kufungwa na mkubwa ni bora kuliko kumfunga mdogo?"

"Enhe! Hapo umeelewa."

"Na mdogo akimfunga mkubwa, je?"

Mama Simba akafikiri, sikio likimchezacheza. "Basi huyo mkubwa alikuwa anaumwa," akasema.

"Simba, ingia! Kiboko, toka!"

Mama Kiboko alipotoka, baraza lote likatikisika. Pimbi alimweleza yote aliyoyasikia, na Mama Kiboko akacheka mpaka machozi.

"Hao wanakudanganya. Kinachotazamwa ni umemalizaje msimu. Sisi tulianza vibaya, tukamaliza vizuri."

"Sisi tulimaliza kwenye fainali, Mama."

"Mkafungwa. Mmemaliza vibaya."

"Lakini Mama Simba anasema ukifungwa na mkubwa..."

"Kwani Nyani ni mkubwa?"

"Kwangu mimi, Mama, kila mtu ni mkubwa!"

"Basi hujaelewa," akasema Mama Kiboko, akapiga mwayo. "Kama una shida, ingia ukaulize. Nahodha yeyote anaruhusiwa swali moja. Hakuna aliyewahi kuuliza, maana wote huchanganyikiwa kabla hawajajua wanachotaka kuuliza."

Akaitwa, akaingia. Pimbi akabaki peke yake barazani, kichwa kinamzunguka. Akajaribu kupanga mambo. Ushindi unahesabiwa, lakini si wake. Kufungwa ni kuzuri, lakini si kwake. Kumaliza fainali ni kumaliza vibaya. Akaanza upya, akafika pale pale. Aliona uchungu, akajiona mjinga kuliko wanyama wote, na mbele ya macho yake akaiona milingoti imelala chini na karanga zimetapakaa uwanja mzima.

Kisha akautazama ule mlango. Asubuhi nzima alikuwa ameelewa jambo moja tu, na jambo lenyewe alilishuhudia kwa macho: timu yako ikizungumzwa, unatoka.

Hodi, hodi!

"Nani huyo?" akanguruma Mama Tembo.

"Ni mimi, nahodha wa Majabalini. Nina swali moja."

Ndani, wakubwa walikuwa wamejibana kuzunguka meza, na Bibi Kobe alikuwa pembeni anamimina chai.

"Swali moja," akasema Mama Tembo, "na liwe fupi."

"Ni moja, Mama, ila litakuwa refu kidogo, kwa sababu nimechanganyikiwa." Na hapo hakusema uongo. "Sisi Majabalini tuliwafunga binti za Mama Nyati..."

"Mvua!" akafoka Mama Nyati. "Mvua ilinyesha!"

Mama Tembo akapiga meza, vikombe vikaruka. "Nyati! Timu yako inazungumzwa. Nje!"

"Lakini huyu anauliza swali tu!"

"Sheria ni sheria. Nje!"

Mama Nyati akatoka. Paa! Mlango.

"Na hao binti za Mama Nyati," akaendelea Pimbi, "waliwafunga binti za Mama Simba..."

"Nakwenda, nakwenda," akasema Mama Simba, hata kabla hajaambiwa. Paa!

"Na binti za Mama Simba wakawafunga wa Mama Kiboko..."

Mama Kiboko hakuwa amemaliza chai. Akamtazama mwenyekiti, mwenyekiti akauelekeza mkonga mlangoni, naye akatoka na kikombe chake mkononi. Paa!

Mama Tembo akatabasamu kwa majivuno. "Umeona, mwanangu, kamati yangu inavyokwenda kwa haki? Hakuna anayependelewa hapa."

"Nimeona, Mama, ndiyo maana nakuuliza wewe. Maana hao binti za Mama Kiboko nao waliwafunga binti zako mwishoni mwa msimu. Sasa nashindwa kuelewa. Kati yetu sote, nani bora?"

"Uongo!" Masikio ya Mama Tembo yakafunguka kama kanga zilizoanikwa. "Yaani, si uongo, lakini ile mechi haikuwa mechi! Binti zangu walikuwa wametoka safari. Mfungaji wetu alikuwa na mwiba mguuni. Halafu yule refa, yule refa nitakueleza habari zake! Wewe unajua binti zangu wanavyorusha mpira? Unajua wanavyoruka?"

"Kwani tembo wanaruka, Mama?"

"Wanajitahidi!"

Akaendelea kueleza, akaendelea, hata jasho likamtoka. Pimbi alisubiri kwa adabu mpaka alipovuta pumzi, kisha akasema polepole, "Samahani, Mama. Naona kama tunaizungumza timu yako."

Mkonga wa Mama Tembo ulibaki juu hewani. Akautazama mlango, akamtazama Pimbi, akautazama tena mlango.

"Lakini mimi ni mwenyekiti," akasema.

Hapo Bibi Kobe akafungua kinywa kwa mara ya kwanza tangu kikao kianze. "Sheria ni sheria, mwanangu. Na usinivunjie mlango ukitoka."

Mama Tembo akatoka, mbavu zikikwaruza mlango pande zote. Kwaruu, kwaruu, paa!

Bibi Kobe akanywa chai kidogo. "Hebu niambie ukweli. Hivi mliwafunga Nyati kweli?"

"Kweli, Bibi. Walitualika wenyewe. Walitaka ushindi wa bure."

"Mbona siku zote hizi sijasikia mechi hiyo ikitajwa humu ndani?"

"Nani aitaje, Bibi? Sisi hatuna mtu humu."

Bibi Kobe akakiweka kikombe chini. Uso wake ulionyesha aibu. "Nami nimekaa tu hapa, nikinyoosha mkono kumfuata mwenye sauti kubwa," akasema, "kwa sababu haya mambo yao sijawahi kuyaelewa hata kidogo."

"Hata wewe, Bibi?"

"Hata mimi. Na ukiniuliza, hata wao."

Pimbi alitamani kumkumbatia. Kumbe hakuwa mjinga! Kumbe nyumba nzima ilikuwa imechanganyikiwa, isipokuwa wengine walichanganyikiwa kwa sauti kubwa.

Bibi Kobe akageukia viti vitupu. "Wanaotaka nafasi ya mwisho iende Majabalini wanyooshe mikono." Akanyoosha wa kwake. Akatazama huku na huku. "Wasiotaka?" Hakuna. "Imepita."

Nje, wakubwa walikuwa wamejipanga juani, wanabishana nani ataitwa kwanza. Bibi Kobe alipotoka na kutangaza, ilikuwa vurugu.

"Haiwezekani! Nani kapiga kura?" akanguruma Mama Simba.

"Wote waliokuwemo ndani," akajibu Bibi Kobe.

"Sisi tulikuwa nje!"

"Nani aliwatoa?"

Wote wakamgeukia Mama Tembo. Mama Tembo akaangalia mawingu.

"Basi turudi ndani tukae upya!" akasema Mama Nyati.

"Karibuni," akasema Bibi Kobe. "Lakini mkikaa mtazizungumza timu zenu, na mkizizungumza mtatoka. Mimi mlango nimechoka kuufungua."

Wakatazamana. Mwisho Mama Tembo akashusha pumzi ndefu, akasema kwa sauti ndogo, "Sheria nimeitunga mwenyewe. Waende."

Pimbi alikimbia bila kusimama mpaka Majabalini, akaingia ofisini bila hodi.

"Tumeingia, Mwalimu! Tumeingia!"

Mwalimu Nungunungu miiba yote ikamsimama kwa furaha, maana moyoni alikuwa akiipenda ile timu, ila karanga alizipenda pia. "Hongera, mwanangu! Hebu nieleze basi, timu inaingiaje? Nijue na mwakani."

Pimbi akakaa chini, akafikiri sana.

"Mwalimu," akasema, "nakuapia, mpaka sasa sijui timu inaingiaje. Ninachojua ni jinsi wakubwa wanavyotoka."

Milingoti ikabaki imesimama, wadogo wakapata zamu yao, na karanga za Mwalimu zikaanikwa juu ya paa la ofisi. Hadithi yangu nayo imetoka nje, na mlango nimeurudishia. Fundisho lake ni hili, watoto: ukitunga sheria ya kuwabana wenzako, jiandae kuitii wewe mwenyewe.