Siku Bahari Ilipofika Tabora

Chumvi huyeyuka leo, bahari huja kesho.

Mmemsikia shangazi yenu akiwaambia hivyo wale vijana wa upande wa bwana harusi, waliopokelewa posa saa nne, na ilipofika saa saba wakataka kuondoka na bibi harusi. Mkacheka nyote, halafu mkaanza kuulizana usemi huo umetoka wapi. Wengine mmesema Pwani. Si Pwani hata kidogo. Watu wa Pwani bahari wanayo mlangoni, wataisubiri ya nini? Usemi huu ni wa hapa hapa Tabora, na chanzo chake ndicho hiki. Wekeni simu mifukoni.

Palikuwa na mwalimu mstaafu wa sayansi, Bwana Igembe, aliyejenga jumba karibu na stesheni ya reli ili watoto wa bara wawaone samaki wa baharini kwa macho yao. Watu wakaliita Jumba la Samaki. Mwanzoni maji yenyewe yalisafirishwa kwa treni kutoka Dar es Salaam, pipa kwa pipa, na mara nyingi yalifika yameshaanza kunuka. Kisha akaajiriwa binti mmoja aitwaye Kalunde, aliyekuwa amejifunza ufugaji wa samaki wa urembo huko Dar kwa miezi mitatu, naye akasema maji hayana haja ya kupanda treni. Iko chumvi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, si hii ya jikoni, na ukiipima vizuri ukaichanganya na maji ya bomba, samaki wa bahari anaishi humo kama kwao.

Kalunde aliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Kila wiki alijaza pipa lake la buluu maji ya bomba, lita mia mbili, akaondoa klorini, kisha akatia kilo saba za chumvi, kikombe baada ya kikombe, huku pampu ndogo ikiyazungusha maji. Chumvi ikishayeyuka hakuyagusa. Aliiacha pampu izunguke mchana kutwa na usiku kucha, na hita iyapashe maji mpaka joto lake lilingane na la matangi. Kesho yake alipima chumvi, akapima joto, ndipo akachota. Kila tangi alilipunguzia robo ya maji ya zamani na kulijaza mapya, taratibu.

Sasa sikilizeni. Katika tangi kubwa la kioo walikuwamo samaki wawili wa rangi ya chungwa, wenye mikanda myeupe, jike na dume. Jike alitaga mayai juu ya kigae cha chungu. Ilikuwa mara ya tatu. Mara mbili za kwanza mayai yalikufa, na mwalimu wa Kalunde kule Dar alimcheka kwenye simu akamwambia mtu wa bara asijisumbue, samaki wa bahari hawezi kuzaliwa Unyamwezini. Kalunde hakuyasahau maneno hayo. Safari hii mayai yalikuwa yamefikisha siku ya saba, na ukisogeza uso kwenye kioo uliyaona macho, vidoa viwili vya fedha katika kila yai. Jumamosi jioni, taa zikizimwa, yangeanguliwa. Kalunde alikuwa hashikiki. Alimweleza muuza vitumbua, akamweleza kondakta wa basi, hata mchungaji alielezwa baada ya ibada.

Bwana Igembe naye furaha ilimpanda. Alialika mgeni rasmi na shule mbili kwa Jumamosi hiyo. Tena, kwa kuwa hapa kwetu mzazi hulishwa, Alhamisi jioni, Kalunde alipokwisha kuondoka, mzee akawatupia wale samaki chakula mara tatu, konzi kwa konzi. Mzazi lazima ale, ndivyo alivyojiambia. Samaki wakala kidogo walichoweza, kilichobaki kikazama nyuma ya mawe kikaoza.

Ijumaa asubuhi Kalunde alikuta maji ya tangi yamekuwa na ukungu. Akapima, kipimo kikaonyesha uchafu umepanda. Hakuhangaika sana, kwa sababu pipa lake la buluu lilikuwa tayari tangu jana. Akaenda chumba cha nyuma. Pipa lilikuwa tupu.

Sakafu yote ya jumba ilikuwa imeota weupe, kama imenyunyiziwa unga.

"Mwangaluka, Kalunde," akasalimu Mama Wande, mfanya usafi, akiwa ameegemea fagio lake. "Mwanangu, sakafu hii leo ina nini? Napiga deki, ikikauka inatoa weupe. Nimerudia mara nne."

"Mama, umepigia deki maji gani?"

"Ya pipa. Bomba halijatoka tangu jana, nikaona maji yamejaa pale, masafi. Wageni wanakuja kesho."

Kalunde alikaa chini palepale kwenye ile chumvi. Ungemlaumu vipi Mama Wande? Katika mji ambao bomba hutoka kwa zamu, pipa lililojaa maji masafi ni la kutumiwa. Hakuna aliyewahi kumweleza kwamba mle ndani mlikuwa na bahari.

Bomba lilitoka saa nne. Kalunde alipokwenda kutafuta bati la kuzuia jua lililokuwa likipiga tangi, Bwana Igembe akaamua kumsaidia. Alijaza pipa, akamimina chumvi yote kwa mpigo, akakoroga kwa mwiko wa ugali kwa nguvu zake zote. Kalunde aliporudi alimkuta amevua koti, jasho linamtoka, anatabasamu, na ndoo mbili zimeshajaa.

"Maji haya hapa, Kalunde. Nusu saa tu. Onja."

"Siyaonji, Bosi. Ulimi unajua chumvi tu, mengine haujui."

"Tazama basi. Yametakata. Naona mpaka chini."

"Yametakata, hayajaiva."

"Maji yanaiva? Kwani ni maharage?"

"Ni ya baridi, na klorini ya bomba imo, hukuiondoa. Chumvi yenyewe ni kali bado, haijakaa sawa. Yakimwagwa humu mayai hayafiki kesho."

"Na kwa uchafu huu yatafika?"

Kalunde alijua kungoja kungeweza kuyaua mayai. Alijua pia kwamba haraka ingeyaua bila shaka yoyote. Akasimama mbele ya tangi, mikono ameitandaza kwenye kioo, mfanyakazi mbele ya mwajiri wake.

"Bosi, nifukuze kesho. Leo sitoki hapa."

Mzee akakasirika. Ofisini kwake alikuwa na tangi dogo lenye samaki mmoja wa buluu, aliyempenda na kumwita Profesa. "Nitaanza na wangu," akasema, "ndipo utaamini." Kalunde alimwomba asifanye hivyo, lakini ndoo ilikuwa imeshapita mlangoni.

Hazikupita dakika kumi. Profesa alipanda juu, akazunguka kama mlevi, akalala ubavu, mashavu yakipiga upesi upesi. Bwana Igembe alitoka akikimbia na miguu yake ya miaka sitini na nane.

"Kalunde, anakufa. Anakufa kweli, mwanangu."

Kalunde alichota ndoo ya maji ya zamani katika tangi dogo la ukumbini, akamnasa Profesa kwa wavu akamhamishia humo, akamwekea hewa. Walichuchumaa wote wawili wakimtazama. Ilichukua muda mrefu kabla Profesa hajasimama sawasawa, na pezi lake moja lilibaki limekunjamana.

Baada ya hapo mzee hakubishana tena. Aliuliza tu, "Nifanye nini?" Wakayamwaga yale maji yake wakaanza upya: maji kwanza, klorini ikaondolewa, chumvi kikombe kwa kikombe, pampu, hita. Halafu wakayaacha. Mchana ule wote Kalunde alifyonza mabaki ya chakula kwa mpira mwembamba, akachuja maji kwa kitambaa na kuyarudisha, huku Mama Wande akifua vitambaa. Kila saa walipima. Uchafu haukupungua, ila uliacha kupanda. Yule samaki dume aliendelea kuyapepea mayai kwa mapezi yake, hakupumzika hata mara moja.

Jumamosi saa nne Kalunde alipima pipa: chumvi sawa, joto sawa. Akaanza kubadilisha, kikombe kwa kikombe, na hadi adhuhuri kioo kilikuwa kinang'aa na macho ya fedha yalikuwa yanageuka ndani ya mayai. Alicheka peke yake mpaka machozi yakamtoka.

Wageni walifika saa kumi, wakazunguka jumba. Mgeni rasmi, mtu wa Tanga, akalitazama tangi kubwa, kisha akamgeukia Bwana Igembe.

"Mwalimu, bahari mmeifikishaje huku?"

Mzee alimtazama Kalunde kwanza, ndipo akajibu. "Chumvi iliyeyuka jana, Mheshimiwa. Mimi nikadhani kazi imekwisha. Bahari yenyewe imefika leo."

Saa moja jioni taa zikazimwa. Watoto wa shule mbili wakanyamaza, kitu ambacho walimu wao hawajakisahau. Kalunde akawasha tochi ndogo upande mmoja wa kioo. Mayai juu ya kigae yakatikisika, kisha vitoto vikaanza kutoka, vyembamba kama kope, kimoja, vitano, mia, vikipanda kuelekea kwenye mwanga, na kila kimoja kina macho mawili ya fedha. Samaki wa bahari, wazaliwa wa Tabora. Kalunde alishika simu, akampigia mwalimu wake wa Dar, akabaki analia na kucheka huku mtu wa upande wa pili akiuliza kuna nini.

Walioyasikia maneno ya Bwana Igembe waliondoka nayo, wakayanyoosha kidogo njiani, na sasa yanasemwa na watu ambao hawajawahi hata kuuona mfuko wa chumvi ile. Basi mkikuta jambo limetakata machoni na mikono inawawasha kulimimina, ngojeni. Chumvi huyeyuka leo, bahari huja kesho.